Kumsindikiza Profesa hadi Oakdale

Profesa wangu wa hisabati alikuwa ametua juu ya meli mara nyingi kuliko mimi nilivyotua kitandani. Miaka ile nilikuwa nalala kwa lipa polepole: kidogo kwenye basi, kidogo saa ya chakula, kidogo nikiwa nimesimama wima katika ghala la Shakopee, huku Minnesota, nikisukuma toroli. Ghala lenyewe lilikuwa refu hivi kwamba naapa upande mmoja mvua ingenyesha na upande wa pili watu wakaanika nguo. Nilikuwa nikitoka hapo nabadilisha viatu ndani ya gari, napaka mafuta usoni nifanane na msomi, kisha nakimbilia darasa la jioni.

Nyumbani Kenya waliposikia nasoma chuo Amerika, waliniona akilini mwao nikitembea kwenye nyasi na vitabu kifuani. Sikuwaharibia picha. Lakini ilikuwa ngumbaru tu, kama ile ya akina nyanya yangu, ila hii ilikuwa na hita na mashine ya kuuza soda. Na mwalimu wa ngumbaru yetu alikuwa mzee aliyewahi kuwa rubani wa jeshi la majini.

Aliingia siku ya kwanza amenyooka kama aliyemeza mlingoti wa bendera. Hakutaja jina la somo wala kitabu. Alichukua kalamu akachora meli ubaoni, juu yake akachora kimstari kifupi.

"Huu ni uwanja wa ndege," akasema. "Na unacheza. Unapanda, unashuka, unainama kushoto. Wewe unaujia kwa kasi ambayo hata mama yako akikuona atafunga macho. Ubavuni mwa meli kuna taa. Ukikaribia, lazima useme kwenye redio: naona taa, au sioni. Hakuna jibu la tatu. Ukisema huoni, hakuna atakayekucheka. Kuna mtu amesimama ukingoni mwa meli, naye ni rubani kama wewe, atakupungia mikono upite juu. Unazunguka, unarudi tena. Kuzunguka si aibu. Aibu ni kusema unaona nawe huoni, maana hiyo meli utaijua kwa pua."

Kisha akageuka, akaandika hesabu ndefu kama treni ya mizigo, akauliza, "Mnaona?"

Sasa, sisi watu wa Afrika Mashariki tulikuwa tumekaa nyuma, karibu na hita. Nasi tumelelewa. Mwalimu akiuliza kama mmeelewa, darasa zima linaitikia "Ndiyo, mwalimu!" kwa sauti moja kama kwaya ya Pasaka, hata kama amefundisha kwa Kichina. Kumwambia hujaelewa ni kama kumwambia mgeni wako kwamba zawadi aliyoleta imeoza. Basi tukaitikia. Naona, Profesa. Naona sana. Kaka mmoja Mkongomani aliona kuliko sote, akaongeza na Kifaransa juu.

Mzee akaja polepole hadi kwenye hita yetu, akainama. "Vizuri. Mnaona nini?"

Sote tukainamia madaftari. Hata mashine ya soda iliacha kunguruma.

Ilimchukua muhula karibu mzima kututoa adabu hiyo. Jioni moja tulikuwa kwenye hesabu za kuchanganya dawa na maji, zile ambazo mtu anayetaka uuguzi lazima azijue, asije akamuua babu wa watu kwa nukta ya desimali. Akafika kwangu. "Unaona?" Nikafungua mdomo kusema naona, na sijui nini kilinipata, nikasikia sauti ya panya aliyekanyagwa ikisema, "Sioni."

Alitupa kalamu. Akanyanyua mikono yote miwili juu ya kichwa akaipunga kama mtu anayefukuza ndege kwenye shamba la mtama. "Zunguka!" akapiga kelele, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kumpa mwalimu yeyote kwa jibu sahihi. "Zunguka, urudi tena!" Akafuta ubao wote, akaanza upya kwa njia nyingine. Niliizunguka hesabu ile hadi nikaijua kama mtaa niliozaliwa. Leo hii nikishika sindano mbele ya mgonjwa, kabla sijavuta dawa, kuna mikono miwili mirefu inapunga ndani ya kichwa changu.

Aliniita Chumvi. Alisema marubani wote hupewa jina la utani, na halitolewi kwa sifa njema. Mimi nilikuwa nimesimulia darasani kwamba majira yangu ya kwanza ya baridi niliona lori likimwaga chumvi barabarani nikapiga simu nyumbani kuwaambia huku hata lami inaungwa kabla ya kupikwa. Nikamweleza pia kwamba kwetu mtu anayekuza habari husemwa anatia chumvi. Basi ikawa hivyo hivyo, hadi mwisho.

Nilipomaliza chuo tulifanya karamu nyumbani kwetu Brooklyn Center. Kanisa zima lilikuja, na la jirani pia, na nina hakika kuna watu walikula pale ambao mpaka leo hawajui walikula kwa nani. Profesa alikuja na maua, akaketi kwenye kona ya kochi na sahani ya chapati magotini, mke wake akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Watu waliondoka yeye akabaki. Hatimaye akasimama, akanipa mkono mlangoni, akageuka kwenda, kama wanavyoaga wenyewe hapa: kwaheri moja, mlango, basi.

"Wee!" nikamwita. "Profesa, unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Mgeni wangu haachwi mlangoni. Ngoja tuvae."

Tukavaa makoti, mimi na mume wangu na wale akina mama waliokuwa wakiosha vyombo. Tukateremka naye hadi kwenye gari. Na mnajua mambo ya kwenye gari. Mazungumzo yote ya maana, yale mtu amekaa nayo chini ya ulimi kutwa nzima, hutoka mgeni akishashika ufunguo. Tukaanza upya: habari za mkewe, habari za mama yangu, nani anaoa, nani hajasikika. Ilikuwa baridi ile ya nywele za pua kukatika. Baada ya muda mzee akauliza kwa upole, "Samahani, tunangoja nini?"

"Hatungoji kitu. Tunakusindikiza."

Mume wangu, ambaye Mungu alimpa maneno machache akanipa mimi yaliyobaki, akamweleza kwamba mgeni naye, akisindikizwa vizuri, huwarudisha wenyeji hatua kidogo. Ni adabu. Aisee, heri angenyamaza! Mzee akafunga gari lake, akaturudisha hadi mlangoni. Nasi tungemwachaje mlangoni tena? Tukamrudisha kwenye gari. Akatugeuza. Mara ya tatu mume wangu akanong'ona, "Leo tutakufa kwa adabu."

Tangu siku ile akawa mtu wetu wa Jumapili. Akina mama wa kanisa walimwita Mzee wa Ndege, wakamwekea kikombe chake. Nilimuuliza siku moja kama anakumbuka kuruka. Nilidhani ataniambia mawingu, bahari, utukufu. Alikuwa akipasua chapati kwa uangalifu kama anayefungua ramani.

"Kuruka sikumbuki sana," akasema. "Namkumbuka yule mtu wa ukingoni. Mvua inanyesha, upepo unataka kumtupa majini, na yeye amesimama anakungoja wewe tu. Haingii ndani mpaka utue. Halafu unaoa, na mkeo anakuwa mtu huyo. Taa ya barazani haizimwi mpaka ufike. Halafu hayupo." Akatafuna. "Ninyi mliposimama kwenye barafu ile bila sababu, Chumvi, niliijua sababu."

Nilikuwa nimemkumbuka mama yangu amesimama kwenye geti la mabati, khanga begani, akingoja basi lipinde kona ndipo aingie. Miaka yote hii ya Amerika, na watu wote waliowahi kunifungia mlango kwa kwaheri moja, sikuwa nimejua kitu nilichokuwa nakikosa kina jina.

Macho yake yalianza kwa chai. Alimimina kando ya kikombe, akacheka, akasema kikombe kimehama. Kisha akalisalimia koti la shemasi lililotundikwa ukutani, akaliuliza habari za watoto. Halafu nikaanza kuona anakutazama upande, kama kuku anayemchungulia mwewe, uso kule na jicho huku. Mimi ni nesi. Nilijua. Ule ugonjwa wa uzee unakula katikati ya picha na kukuachia fremu. Unaona kingo za dunia, lakini uso wa mtu uliyemkabili haupo.

Na alikuwa bado anaendesha. Gari lake kubwa la rangi ya fedha, refu kama kanisa, lilipanda ukingo wa maegesho yetu Jumapili moja likaingia kwenye lundo la theluji hadi madirishani. Akashuka akasema, "Leo wameniwekea mto wa kulalia." Sote tukacheka, kisha tukaangaliana.

Binti yake aliishi jimbo la mbali lenye jua. Alinipigia simu. "Nikitaja macho anakata simu," akasema, na nilisikia alikuwa amelia. "Nikija kuchukua funguo, itabidi nimchukue naye, maana pale kwake Oakdale bila gari atakaaje? Na huku hataki. Wewe atakusikiliza. Tafadhali, kabla hajaua mtu. Kabla hajajiua."

Ndilo lilikuwa jambo lenyewe, wala sitalitia chumvi. Mzee akiendelea kuendesha, kuna mtoto wa mtu angevuka barabara katikati ya picha ile iliyoliwa. Akiacha, angehamishwa kwenda kwenye jua, afe kwa upweke akiwa na rangi nzuri.

Usiku na mchana tulibishana mimi na mume wangu.

"Mwambie wewe," nikasema. "Mwanamume kwa mwanamume."

"Mimi? Nimwambie rubani wa vita haoni? Mimi niliyefeli mtihani wa udereva mara mbili?"

"Mara nne."

"Mbili zilikuwa mazoezi. Mwambie wewe, ni mwalimu wako."

"Ndiyo maana siwezi!"

Na kweli sikuweza. Mtu hamwambii baba yake kwamba haoni. Unasogeza kiti njiani. Unawasha taa nyingine. Unasema, "Baba, nishike mkono, mimi naogopa kuteleza," ndipo mnavuka wote. Hivyo ndivyo tunavyosema kwetu, na lugha hiyo hakuna chuo kilichonifundisha kuiacha, hata ngumbaru.

Kwa hiyo nilibuni desturi.

Jumapili iliyofuata alipowasha gari, mimi na mume wangu tuliingia kwenye letu tukamfuata. Kwenye taa nyekundu akateremsha kioo. "Mnaenda wapi?"

"Tunakusindikiza!"

"Hadi wapi?"

"Profesa, tulikuwa tunakuonea huruma kwa sababu ulikuwa mgeni. Ukishakula nyumbani kwa watu mwaka mzima, unasindikizwa hadi kwako. Ndiyo mila."

Mume wangu alitazama dirisha la upande mwingine, kwa aibu ya mila.

Tukaivuka Mississippi nyuma yake, tukashika barabara ya 694 kuelekea mashariki, taa zetu za dharura zikimeta, malori yakitupigia honi kana kwamba tumeiba barabara. Tulipofika Oakdale, nadhani mume wangu hakuwa amepumua tangu mtoni. Mzee akashuka amefurahi kama bwana harusi. Na kwa kuwa mgeni naye lazima akusindikize, akatembea mbele ya gari letu hadi mwisho wa njia yake, akanyanyua mkono, akapiga goti moja kwenye theluji, akagusa ardhi kwa vidole, kisha akanyoosha mkono kuelekea barabarani. Alitueleza baadaye kwamba hivyo ndivyo ndege hurushwa kutoka melini: mtu anapiga goti, anagusa meli, anakuonyesha bahari, nawe unaenda. Kila Jumapili akatufanyia. Suruali yake ya heshima, goti zima likilowa, mzee wa umri ule. Tulikuwa tunaondoka Oakdale kama ndege za kivita, kwenye gari lenye kiti cha mtoto na harufu ya samli.

Habari zikaenea. Wiki chache mbele shemasi akaja na basi dogo la kwaya, maana alisema koti lake lilikuwa limesalimiwa kwa heshima kiasi kwamba yeye mwenyewe hawezi kubaki nyuma. Basi la kwaya likawa linatangulia, Profesa katikati, sisi nyuma, na dada mmoja anayefanya kazi ya kutunza wazee kule Maplewood akiziba njia ya kushoto. Nina hakika kuna watu wa Minnesota mpaka leo wanasimulia walivyomwona rais akipita 694 akiongozwa na alto na soprano.

Lakini desturi haitibu macho. Kila wiki mistari ya barabara ilikuwa inamkwepa zaidi. Nilikuwa naomba Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili ikikaribia naikemea ije polepole.

Kisha ikaja Jumapili ya Februari. Dada wa Maplewood alikuwa kazini, na basi la kwaya liligoma kuwaka kwa baridi. Tukabaki sisi peke yetu nyuma yake. Theluji ilianza tulipovuka mto, ile nyembamba inayokuja imelala, na giza la saa kumi na mbili jioni lilikuwa limeshaingia. Mume wangu alikuwa anaendesha. Mimi nilikuwa nimempigia mzee simu, sauti yake ikitoka kwenye dashibodi yetu, akitusimulia kuhusu tufani fulani. Mbele yetu gari lake likaenda kushoto, likarudi, likaenda kushoto tena. Lori likapita likimrushia theluji yote ya kaunti. Hadithi ya tufani ikakatika katikati ya sentensi.

Mume wangu akasema, "Mama," basi. Neno moja. Lakini alilisema kama mtu anayenikabidhi kitu.

Nilikuwa nimetafuta miezi mingi njia ya kumwambia, na sikuwa nimefikiria kumuuliza. Na swali lenyewe lilikuwa lake. Nilikuwa nimelisikia jioni ngapi, karibu na hita ile?

"Profesa," nikasema. "Unaona?"

Wiper zetu zikaenda na kurudi. Nilisikia pumzi yake kwenye dashibodi, na nilijua ananisikia nangoja, na kwamba alijua hakuna jibu la tatu.

"Sioni," akasema.

Si sauti ya panya. Ilikuwa sauti kavu, ya kazini, sauti ya mtu kwenye redio.

"Sawa," nikasema, na sijui nani alinipa sauti ile niliyokuwa nayo. "Niko nyuma yako. Sitaondoka. Punguza kidogo. Kidogo tena. Hakuna mtu kulia kwako. Njoo kulia. Kulia. Uko sawa. Kuna njia ya kutoka, inapanda. Fuata kulia. Vizuri. Polepole. Mbele yako kuna kituo cha mafuta, kina taa nyingi, usizitazame, nisikilize mimi. Kushoto kidogo. Simama."

Gari la fedha likasimama, limepakana na pampu mbili kama ndugu. Nilitoka mbio bila koti. Nilipofungua mlango wake alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, ametazama upande, jicho lake la kuku likinitafuta.

"Nimejua tangu basi la kwaya," akasema.

"Umejua nini, Profesa?"

"Chumvi, nimeruka na ndege pembeni yangu nusu ya maisha yangu. Unadhani mtu akinilinda siwezi kumjua? Hakuna mila kama hiyo popote duniani."

"Ipo," nikasema, meno yakigongana. "Tangu Novemba."

Akacheka kidogo, kisha hakucheka. "Unajua kwa nini sikusema? Nilikuwa nawafundisha ninyi kwamba ukisema huoni, unazunguka, unarudi. Mimi nikisema, nitazunguka wapi? Nikisema mara moja, ndiyo mwisho."

Mtu asiye na jibu anatakiwa anyamaze, lakini mimi sikuumbwa hivyo. "Utazunguka na sisi," nikamwambia. "Mimi nitashika usukani, wewe utazunguka. Kila Jumapili. Sogea huko, Baba, nakufa kwa baridi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Akasogea. Akavuka hadi kiti cha abiria kwa taabu, magoti yakigonga kila kitu, akafunga mkanda, akapapasa mbele yake pasipokuwa na kitu. "Kiti hiki," akasema, "kilibuniwa na nani? Hakina usukani." Kisha akanipa ufunguo mwingine wa gari aliokuwa nao mfukoni, ule wa akiba, bila mimi kuuliza.

Alibaki Oakdale. Binti yake alikuja, akakaa jikoni kwetu akala hadi akafungua mkanda, akahesabu watu waliokuwa na zamu ya kumchukua baba yake, akaacha kulia. Ilikuwa zaidi ya miaka miwili ya Jumapili. Nilimwendesha, naye akanifundisha kuendesha kana kwamba sijawahi kuona barabara. "Unakuja juu mno. Shusha. Unasikia injini inakulalamikia?" Akisikia honi anauliza, "Huyo ni wetu?" Mwisho hakuona hata fremu, lakini akiteremka kwake alinifuata hadi mwisho wa njia, akiishika boneti ya gari langu kwa mkono, akapiga goti na kugusa ardhi. Mkono wake wakati mwingine ulionyesha gereji ya jirani. Nilienda tu.

Alifariki mwezi wa tano, mialoni ikiwa ndiyo kwanza inachipua. Walimzika kwenye makaburi ya wanajeshi karibu na uwanja wa ndege, mahali mawe meupe yamepangwa hadi macho yanachoka. Wanajeshi wawili vijana wakakunja bendera, tarumbeta ikalia, na ikawa basi. Sisi tulikuwa bado tunatafuta mahali pa kukaa. Kwetu saa hiyo hata mwongozaji hajasafisha koo. Lakini tulikuwa tumemleta kama tulivyojua: basi la kwaya mbele, yeye katikati, sisi nyuma, dada wa Maplewood akiziba kushoto, taa zote za dharura zikimeta, chapati za baadaye zikiwa zimefunikwa kwenye kiti cha nyuma.

Watu wakaingia kwenye magari yao wakaondoka. Mimi nilikaa kwenye usukani, ufunguo umeshaingia, injini inanguruma. Mume wangu pembeni alikuwa amefunga mkanda. Tukakaa. Ndege zilikuwa zinashuka juu yetu moja baada ya nyingine, matumbo yao karibu karibu, kila moja ikingojwa na mtu.

"Unangoja nini?" mume wangu akauliza.

"Nangoja aturushe."

Akaangalia mbele, mwisho wa kile kijia, pale ambapo mzee angekuwa amesimama. Nilitaka kusema jambo la kuchekesha, na mimi sijawahi kulikosa, lakini lami ilikuwa imeanza kuyeyuka, na mawe meupe, na mti, vyote vikaingiana.

"Unaona?" akaniuliza kwa upole.

"Sioni."

Mume wangu akanyanyua mikono yake miwili, yule mtu asiyependa kuonekana hata kwenye picha, akaipunga ndani ya gari letu dogo mpaka ikagonga dari.

"Basi zunguka," akasema. "Zunguka, urudi tena."

Nikatoa breki. Tukazunguka makaburi yale polepole, tukapita kwake, tukazunguka tena. Mlinzi wa langoni alitutazama mara ya kwanza na ya pili. Baadaye aliacha kutazama, akafungua mlango wa kibanda chake, akasimama nje mpaka tukatoka.